Mdogo wangu anatoka Uholanzi na kiti mwendo, anataka kufika Mwanza kwa ndege: aliyewahi kusafiri hivi anieleweshe

Mama Kelvin (Nyakato, Mwanza)

Wadau, habari za jioni. Naomba mawazo ya mtu anayelijua hili kwa kulifanya, siyo kwa kulisikia kwa jirani.

Mdogo wangu wa kiume anaishi Rotterdam. Alipata ajali ya pikipiki hukohuko, uti wa mgongo ukaumia, kuanzia kiunoni kushuka hana nguvu wala hasikii kitu. Mikono iko vizuri, kifua kiko vizuri, ubishi ndiyo kabisa haukuguswa. Tangu hapo hajafika nyumbani. Mama kila akipiga simu ni "utakuja lini," mpaka juzi jamaa kakata shauri: Desemba anakuja, na Krismasi anakula Nyakato.

Tiketi ya Amsterdam hadi Dar hainisumbui. Anakuja na KLM, ameandika maombi yake, wamemjibu. Kinachonikosesha usingizi ni kuanzia Dar kuja huku. Nimepiga simu kuulizia tiketi ya ndani, binti akanijibu, "Hakuna shida mama, wagonjwa tunawasaidia." Nikamwambia huyu si mgonjwa, ni mtu hatembei, sasa ndegeni anapandaje? "Watamsaidia palepale." Akina nani? Kwa kutumia nini? Akarudia hakuna shida. Mimi mtu mzima, nikiambiwa hakuna shida mara mbili kwa dakika moja najua ipo.

Kwa hiyo nauliza. Ndege za ndani zina ngazi, yeye ngazi hawezi hata moja, anafikaje juu? Ana kiti mwendo cha betri, kizito haswa, mashirika ya ndani wanakipokea? Atalazimishwa awe na msindikizaji? Na kuna mwenzangu kazini ananishauri ashukie KIA, uwanja wa Kilimanjaro, kwa kuwa ndege yake inatua pale kwanza, halafu tumfuate na gari. Hilo nalo mnalionaje?

Asanteni.

Mkata Kuni

Apande SGR dada, treni tambarare kabisa, anaingia na kiti chake.

Kisukuma Original

@Mkata Kuni SGR abiria wanaishia Dodoma mkuu. Kutoka Dodoma mpaka Mwanza umpandishe nini, bodaboda?

Gurudumu (Mbeya)

Mama Kelvin, shikamoo kama umenizidi, na kama hujanizidi basi habari za Mwanza. Mimi natumia kiti mwendo tangu nikiwa sekondari. Kazi yangu inanitoa Mbeya kwenda Dar na mikoani kila mara, na kwa basi siendi tena, mgongo umekataa. Kwa hiyo nakujibu kama mtu aliyebebwa ngazi za ndege na vijana wa kila kabila la nchi hii.

La KIA lifute kwanza. Kutoka kule mpaka Mwanza kwa barabara ni Arusha, Babati, Singida, Nzega, Shinyanga, siku nzima makalio yako palepale. Mtu asiyesikia kuanzia kiunoni hajui ngozi inapoanza kuungua. Atafika kwenu na kidonda cha kukaa na Krismasi ataila hospitali ya Bugando. Ashuke Dar.

Sasa huyo binti wa simu. Ukimuuliza kama wanasaidia, lazima aseme ndiyo. Muulize ni ndege gani inayopangwa siku hiyo, kwa sababu kila kitu kinatokana na hapo. Njia ya Mwanza unaweza kupata Airbus A220 ya Air Tanzania, unaweza kupata Dash 8 yao ya mapanga, unaweza kupata ATR ya Precision. Ni wanyama watatu tofauti.

ATR abiria wanapandia mlango wa nyuma, mbele pale ni chumba cha mizigo. Kwa hiyo siti yake iwe safu za mwisho kabisa, karibu na mlango. Mtu wa ofisini asiyejua atakupa safu ya pili eti "nimekuweka mbele mzee," kumbe kakupa safari ya kuburutwa ndege nzima. Dash 8 ni kinyume chake, abiria wanaopandia mlango wa mbele siti yao iwe mbele. Kwa ndege zote hizi mbili, ngazi ndiyo mlango wenyewe uliofunguliwa ukalala. Vipandio ni vichache lakini vyembamba, wabebaji wawili hawapiti wakiwa sambamba. A220 ina nafasi nzuri ndani, siti mbili upande mmoja na tatu upande wa pili, ila mlango wake uko juu, na ngazi za kusukumwa zina vipandio vingi. Pale Dar usitegemee yale madaraja ya kutembea moja kwa moja hadi ndegeni kama ya Jengo la Tatu la safari za kimataifa. Safari za ndani ukiondokea Jengo la Pili unapita juu ya lami. Lipo gari lenye chumba kinachonyanyuka hadi usawa wa mlango. Uliza kama siku hiyo litakuwepo, na uliza pia upande wa Mwanza, maana kupanda kwa raha halafu kushuka kwa kubebwa ni nusu ya huduma.

Kama hakuna gari hilo, atabebwa. Hapa aelewe mapema ili asije akashtuka. Wana kiti chembamba chenye magurudumu madogo, upana wake ni wa kupita katikati ya siti. Kina mikanda ya kifuani, mapajani na miguuni. Ifungwe yote kabla hawajanyanyua, hata kama wanasema "ni hapa tu." Anapanda mgongo ukitangulia, uso unatazama lami. Mwenye nguvu zaidi anakaa juu nyuma ya mgongo, wa pili anashika chini kwenye miguu, na anayehesabu awe mmoja. Wasimkamate makwapani kumnyanyua kama gunia la mahindi. Bega la mtu wa kiti mwendo ndiyo mguu wake, likiteguka amekwisha. Mimi naongea mwenyewe, nawaambia wewe shika hapa, wewe pale, tukisema tatu tunakwenda. Vijana hawana ubaya, wengi hawajawahi kufundishwa. Ukiwaelekeza kwa utani kidogo wanafanya vizuri kuliko waliofundishwa.

Ndani, wakati wa kuhama kutoka kiti chembamba kwenda siti, mkono wa siti ya njiani unazuia. Safu nyingi huo mkono unanyanyuka, lakini umefungwa. Ukipapasa chini yake, karibu na bawaba kwa nyuma, kuna kitufe au kikorokoro kidogo cha kusukuma. Mhudumu wa ndege anajua safu zipi. Amuulize kabla hajahamishwa, siyo akiwa ananing'inia hewani.

Safu ya mlango wa dharura hatapewa, asibishane, ni kanuni dunia nzima.

Kuhusu msindikizaji, shirika lina haki ya kudai mtu wa kufuatana naye kama linaona hawezi kutoka mwenyewe ikitokea dharura. Kwa mwenye mikono mizima wengine wanakubali asafiri peke yake, wengine hawakubali. Usilipe tiketi kabla hujapata jibu la maandishi. Barua pepe, hata ujumbe wa WhatsApp wa ofisi. Na kwa safari hii ya kwanza, kama kuna binamu Dar anayekuja Krismasi, wapande naye.

Kiti sasa. Kuna mwaka nilisafiri na shirika moja la ndani, jina nalimeza. Nilikabidhi kiti changu chini ya ngazi, nikapandishwa vizuri tu. Tukatua, abiria wote wakashuka, nabaki nasubiri. Kijana wa mizigo akaja mpaka mlangoni, akanitazama, akatazama viatu vyake. "Kaka, kiti kimebaki Dar. Ndege ilizidi uzito. Kitakuja na ya kesho." Kupitia dirishani naona televisheni ya inchi 55 inashushwa kwa adabu zote, watu wawili, mmoja kila upande. Miguu yangu ndiyo iliyozidi uzito. Nilikalishwa kwenye kiti cha plastiki cha mama anayeuza chai nje ya uwanja, kimefungwa waya mguu mmoja, na nikabebwa mgongoni mpaka ndani ya teksi. Usiku ule sikunywa maji kabisa kwa sababu ya choo.

Tangu siku hiyo sipandishwi mpaka nimeonana na msimamizi wa upakiaji. Namwambia bila hasira: kiti hiki kikibaki, na mimi nabaki. Wanapakia.

Mengine nitaandika kesho, umeme Mbeya hauaminiki.

Mzee wa Rampu (Ukonga, Dar)

Huyu kijana wa Mbeya ameeleza vizuri, naongezea upande wa pili wa ngazi. Nimehudumia ndege ardhini pale JNIA, uwanja wa Dar, miaka mingi, sasa nimestaafu nafuga kuku.

Mama, kinachowafikia watu wa chini si maelezo marefu uliyompa binti. Ni herufi nne kwenye orodha ya abiria. WCHR ni abiria anayeweza kupanda ngazi mwenyewe, anachohitaji ni kusukumwa umbali wa uwanjani tu. WCHS hawezi ngazi lakini akifika ndani anajikongoja hadi sitini. WCHC hawezi chochote kati ya hivyo, lazima afikishwe mpaka kwenye siti. Mdogo wako ni WCHC.

Shida kubwa niliyoiona kazini ni kwamba kila mtu anaandikwa WCHR. Bibi mwenye magoti mabovu ni WCHR, mjamzito aliyechoka ni WCHR, na aliyepooza naye ni WCHR, kwa kuwa ndiyo inayotokea kwanza kwenye kompyuta. Sasa orodha ikifika kwetu ina R, tunapeleka kijana mmoja na kiti cha kawaida. Anamsukuma abiria mpaka chini ya ngazi, anasimama, anasubiri abiria anyanyuke. Abiria naye anasubiri kijana. Hapo ndipo redio zinaanza kuita, rubani anaangalia saa, na kiti chembamba kipo stoo upande wa pili wa uwanja. Wote mnaona kama watu wa chini ni wazembe. Ni herufi moja tu.

Mwambie binti akusomee alichoandika. Akikutumia tiketi, tafuta hizo herufi. Kama hazipo, ombi lako halipo.

La pili ni kubwa zaidi kwenu. Tiketi ya KLM na tiketi ya ndani kama zimenunuliwa mbalimbali, maombi hayahami. KLM wanajua yote kuhusu mdogo wako, na shirika la ndani halijui kitu mpaka mliambie upya. Atachukua mizigo yake yote Jengo la Tatu, atatoka nje kabisa, aende Jengo la Pili, akabidhi upya. Kwa gari si mbali, ila si umbali wa kusukuma kiti kwenye jua na mabegi mapajani. Akifika usiku alale Dar, aondoke asubuhi. Mkipiga simu hotelini msiulize kama wanapokea walemavu, watasema ndiyo hata kama bafu lina kizingiti cha nusu mguu. Waambieni wachukue futi kamba, wapime mlango wa bafu.

Kwa kiti cha betri natofautiana kidogo na Gurudumu. Kiti cha kusukuma kwa mkono akae nacho mpaka chini ya ngazi, sawa. Cha betri watu wa upakiaji wakione mapema. Kinatakiwa kujulikana betri ya aina gani, kitenganishwe na umeme, kifungwe kamba ili kisitembee ndani ya tumbo la ndege, na kwanza kijulikane kama kinapita mlango wa mizigo. Kikiletwa chini ya ngazi dakika kumi kabla ya kuondoka, mtu anayekijua hayupo na kinaachwa. Afike saa tatu kabla ya ndege kuondoka. Vipimo vitumwe siku mbili kabla au zaidi: urefu wa kwenda juu kikiwa kimekunjwa, upana, uzito pamoja na betri. Na kwenye tiketi iandikwe WCLB kama betri ni ya lithiamu, WCBD kama ni kavu au ya jeli, WCMP kama kiti ni cha mkono. Betri za maji ya asidi, zile WCBW, kwa ndege ndogo sahau.

Fimbo Nyeupe (Unguja)

Hodi humu. Mimi sioni, na nina la kuchekesha kidogo kuhusu hizo herufi za mzee.

Sisi herufi zetu ni BLND. Ila mara nyingi nikifika kaunta na fimbo yangu, naletewa kiti mwendo. Nawaambia ndugu zangu, miguu ninayo, kisichopo ni macho, nipeni bega la mtu nilishike tutembee. Wananiambia, "Kaa tu mzee, ndiyo utaratibu." Nikikaa nasukumwa kwa kasi, sijui kilipo kizingiti wala mlango, na fimbo imewekwa mapajani. Sasa hivi nakataa kwa upole, naomba bega. Wanashangaa, wanakubali.

Siku moja nilikuwa natoka Dar kuja Unguja na ile ndege ndogo, Caravan, dakika ishirini hivi. Siti ya pembeni ya rubani ilikuwa wazi. Kijana wa uwanjani kwa ukarimu wake kaniambia nikae hapo mbele "upate kuona bahari vizuri." Rubani alicheka mpaka akavua miwani, nilisikia inagonga dashibodi. Nikakaa. Akanielezea njia nzima: sasa tuko juu ya Mbudya, sasa kuna meli inakwenda Dar. Sijawahi kufaidi safari kama ile.

Mama Kelvin, mwambie mdogo wako aombe kuelezwa mambo ya usalama peke yake kabla wengine hawajapanda. Ni haki yake kama ilivyo yangu. Wanapokuwa hawana haraka wanaeleza vizuri, na anawaambia mwenyewe ikitokea dharura ashikwe vipi.

Mama Kelvin (Nyakato, Mwanza)

Jamani, Mungu awabariki. Nimeyasoma yote nikamtumia, akapiga simu palepale. Nimejua kumbe ana viti viwili na hajawahi kuniambia. Kimoja ndicho kile kizito, kina betri mbili za jeli, mgongo haukunjiki, kilo zinazidi mia. Cha pili ni chepesi, cha kusukuma kwa mkono, kinakunjwa, na ana kifaa cha kufunga mbele kama gurudumu la pikipiki kinachokivuta, hicho ndicho chenye betri ya lithiamu, inachomoka. Imeandikwa 24 V, 10 Ah.

Yeye anataka kuleta kile kizito. Anasema Mwanza ni milima na mawe, cha mkono kitamtesa. Mimi naona cha pili. Tunagombana kwa simu toka jana. Nani yuko sahihi?

Nimerudi kwa yule binti pia. Nikamwambia anisomee alichoandika. Alikuwa ameandika R. Mzee wa Rampu, kuku wako waongezeke.

Gurudumu (Mbeya)

Dada uko sahihi na umwoneshe hapa. Kiti cha zaidi ya kilo mia ambacho mgongo haukunjiki kitafika Dar bila wasiwasi, ndege kubwa inameza. Kutoka Dar kwenda Mwanza ikitokea ndege imebadilishwa asubuhi, wameleta ya mapanga badala ya A220, kiti kinabaki. Na kubadilisha ndege ni jambo la kila siku, mimi wa Songwe nimezoea: ukungu ukiamua, mnazunguka juu, mnarudi Dar, jioni mnaletewa ndege nyingine kabisa. Hata kikifika, kwa mama Nyakato kitapita mlango gani? Gari gani itakibeba? Kikiharibika huko Ilemela fundi wake ni nani?

Kiti chepesi kila ndege inakipokea, kila buti linakipokea, na bomba likikatika fundi wa kuchomelea yeyote analiunga.

Betri ya kile kifaa piga hesabu, volti mara Ah: 24 mara 10 ni 240 Wh, yaani kiasi cha umeme inachohifadhi. Betri ya kifaa cha kutembelea inayochomolewa mwisho wake ni 300 Wh, kwa hiyo iko ndani. Ila haiendi kwenye mizigo ya chini. Anaichomoa, anafunika ncha zake kwa utepe, anaiweka kwenye mfuko wake na kupanda nayo. Karatasi ya mtengenezaji inayoonesha hizo namba awe nayo mkononi, maana pale ukaguzi kuna mtu atakayeitazama ile betri kama bomu. KLM na shirika la ndani wote wapewe taarifa kwamba ipo. Na kwa kuwa anaondokea Ulaya, kanuni yao namba 1107 ya 2006 inampa haki ya kubebewa vifaa viwili vya kutembelea bila kulipa, akitoa taarifa saa 48 kabla. Kiti kimoja, kifaa cha kuvuta kimoja, tayari.

Nilisema nitamalizia mengine. Mto wa kukalia asiuache kwenye kiti ukashuka na mizigo, apande nao na aukalie. Kama ni ule wa hewa, ndege ikipanda juu hewa ya ndani ya mto inatanuka, unakuwa mgumu, na ngozi inaumia bila yeye kusikia. Afungue kidogo wakishapanda juu, na wakitua aujaze tena. Kila nusu saa ajinyanyue kwa mikono.

Choo. Ndege kubwa ya Amsterdam huwa na kiti chembamba cha ndani cha kumpeleka chooni, aombe kabla ya safari. Ndege za ndani asitegemee, afanye mambo yake uwanjani, safari yenyewe si ndefu. Lakini asikae na kiu siku nzima ili kukwepa choo, mpira wa mkojo bila maji unaleta maambukizi. Mipira yake na dawa zote zikae kwenye begi la mkononi, pamoja na barua ya daktari ya Kiingereza, na achukue akiba ya siku kadhaa kwa ajili ya ukungu na watu wa ukungu. Na asifungashe vitu kwenye mifuko ya plastiki ya dukani, huku ilipigwa marufuku tangu 2019. Vifungashio vya vifaa vya hospitali havina tatizo.

Sheria Mkononi (Ilala)

Naongezea jambo moja ambalo watu hulikumbuka wakiwa wamechelewa. Apige picha kiti kila upande kabla hajakikabidhi, Amsterdam na tena Dar. Kikitoka kimepinda, asitoke uwanjani kabla hajaandikisha ripoti na kupewa nakala. Kwa safari ya kimataifa, Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania imo, unatoa siku 7 za kulalamika kwa maandishi kuhusu mzigo ulioharibika. Zikipita, umejifungia mlango.

Na ajue kwamba mkataba huo unakihesabu kiti mwendo kama mzigo. Mwisho wa fidia ni SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha fedha cha IMF) tangu Desemba 28, 2024, ambazo ni dola elfu mbili na kidogo. Kile kiti kizito anachotaka kukileta najua bei yake inaweza kuzidi hapo mara kadhaa. Anaweza kutoa tamko maalumu la thamani wakati wa kukabidhi, akalipia ziada wakitaka, hapo kiwango kinapanda. Kwa safari ya ndani, shirika likimzungusha, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ina baraza la watumiaji wa huduma, malalamiko wanapokea. Na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 iko upande wake. Aitaje, hata kama wa kaunta hajawahi kuisoma.

Mama Kelvin (Nyakato, Mwanza)

Amekubali cha mkono. Amekubali kwa kununa, anasema tumemfanyia kikao bila yeye kuwepo. Nilimsomea ile ya fidia, akanyamaza muda mrefu, halafu akasema "basi kile cha betri kibaki." Binamu yake wa Tabata ndiye atakayepanda naye, tiketi moja, safu moja. Binti wa ofisi amebadilisha kuwa C na amenitumia kwa maandishi, pamoja na jina la ndege iliyopangwa, ingawa ameniambia inaweza kubadilika. Nikamwambia ikibadilika nipigie, na siti ibadilike nayo. Nadhani sasa ananiogopa.

La mwisho na sitawasumbua tena. Kumpokea uwanjani huku nikodi gari gani? Shemeji anasema Noah, ina mlango wa kuteleza na nafasi kubwa.

Gurudumu (Mbeya)

Noah iko juu, atahitaji kunyanyuliwa tena, na siku hiyo atakuwa amenyanyuliwa vya kutosha. Tafuta Premio au Corolla. Siti ya mbele ya abiria isukumwe nyuma mpaka mwisho, mgongo wake ulazwe kidogo, kiti chake kisogezwe kikae pembe na siti, breki zifungwe. Kwa mikono aliyonayo anahamia mwenyewe. Kiti kinakunjwa kinaingia kwenye buti, magurudumu makubwa yanachomoka kwa kubonyeza katikati. Mabegi na binamu wapande hiyo Noah ya shemeji.

Kisukuma Original

Mama Kelvin, Premio ninayo na niko Ilemela, dakika tano na uwanja. Njoo PM. Mafuta tu, nauli sitaki.